Nguzo za Upenu: Kutoka Paa la Nyasi hadi Paa la Bati, Osukuru
Katika nyumba za msonge zenye baraza, kwa Waiteso wa Osukuru karibu na Tororo, upenu mpana haukuegemea ukutani. Ulibebwa na duara la nguzo zilizosimama nje. Kiambaza cha fito na udongo kikakingwa na mvua ya mshazari, nazo nyasi zikazuia joto. Reli, iliyopitia Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, ilirahisisha kusafirisha mabati. Bati lilinunuliwa kwa fedha, nyasi zilikatwa tu. Basi aliyebana gharama alipunguza upenu kwanza, na nguzo zikakosa kazi. Kiambaza kikaanza kuliwa na maji tangu chini. Sensa za Uganda huuliza vifaa vya paa, kuta na sakafu. Upana wa upenu hauulizwi.