Uwiano wa wanafunzi kwa walimu waliohitimu (shule za msingi, Eldoret)

Kipimo kinachopatikana kwa kugawa idadi ya wanafunzi kwa idadi ya walimu wenye mafunzo rasmi ya ualimu. Kenya imelenga wanafunzi 40 kwa mwalimu mmoja. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, madarasa yalifurika kwa kasi kuliko ile ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) kuajiri walimu.

Huko Eldoret, makao makuu ya kaunti ya Uasin Gishu, shinikizo ni kubwa zaidi katika mitaa yenye watu wengi kama Langas na Huruma. Wastani wa kaunti nzima huficha hali hiyo, kwa kuwa shule ndogo ya mashambani huenda ikawa na darasa lenye nafasi tele. Pengo la walimu huzibwa na walimu walioajiriwa na bodi za shule, wanaolipwa kwa michango ya wazazi. Wengi wao wamehitimu na kusajiliwa na TSC, ila hawana ajira ya serikali. Kuwaacha nje ya hesabu ni kuwadhulumu. Kuhusu kuhitimu kwenyewe, tangu 2021 vyuo vya walimu hutoa stashahada badala ya cheti cha ualimu wa msingi (P1).