Nani Aliyevifunza Vidole Vyako?

Vijana wenzangu, ukitaka kuona watu wazima wakibishana kama Simba na Yanga, wakalishe pamoja mafundi wawili wa kompyuta, mmoja wa vi na mwingine wa Emacs. Hizo ni programu za kuandikia kwenye skrini ya maandishi matupu, ambako kazi yote yaweza kufanywa kwa vitufe bila kugusa kipanya. Kila mmoja ataapa kwamba vitufe vyake ndivyo vyenye akili. Mimi nasema wote ni warithi tu.

Tuanze na vi. Humo kishale husogezwa kwa herufi: H kushoto, J chini, K juu, L kulia. Eti ni busara ya kutoinua mkono? Wapi! Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliiandika vi mwaka 1976 akitumia terminali ya ADM-3A, yaani skrini na kibodi tu, kompyuta yenyewe ikiwa mbali. Kibodi ile haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya hizo hizo H, J, K na L. Na Escape, ambayo leo imetupwa kule pembeni juu, ilikuwa jirani ya Q, ilipo Tab sasa. Kidole kiliifikia bila taabu.

Halafu kulikuwa na waya wa simu. Joy alikuwa na modemu iliyopitisha herufi kama 30 tu kwa sekunde. Skrini ya mistari 24, kila mstari herufi 80, ni herufi 1,920. Piga hesabu mwenyewe: kuijaza ni zaidi ya dakika nzima! Ndiyo maana amri za vi ni fupi. Ukigonga d mara mbili, mstari umekwenda.

Emacs nayo ilizaliwa mwaka huohuo pale MIT, mikononi mwa Richard Stallman na Guy Steele. Amri zake hushikiliwa na Control. Kwenye mashine za Lisp zilizobuniwa hapohapo MIT, Control ilikaa karibu na kitufe cha nafasi. Kwenye kibodi za leo imekimbilia kona ya chini, na kidole kidogo ndicho kinacholipa. Mazoea yana taabu.

Mirathi hii imepita hata kwetu Afrika Mashariki. Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim, mtoto wa vi, mwaka 1991, alijitolea Kibaale, Uganda, mwaka 1994. Baadaye aliwaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto wa huko. Alifariki mwaka 2023, lakini H, J, K na L amewaachia wengi ambao hawajawahi kuiona ADM-3A.

Basi, programu zote mbili zinakuruhusu kupanga vitufe upendavyo. Kabla ya kumcheka mwenzio jiulize: hiki ninachokiita changu nimekichagua, au kimechaguliwa na mashine iliyokwisha kuwa chuma chakavu? Na tusiishie kwenye vitufe, sisi tunaojifunza kuandika. Ile hadithi yako inayoanza na "Hapo zamani za kale", nani aliyekufunza kuianza hivyo, naye alikuwa na sababu gani?