Ruhusa na Utoro: Habari za Watumishi wa Dukani

Neno mtoro halimshtui sana mwanafunzi wa leo. Mwalimu aandikaye mahudhurio hulitaja asubuhi, darasa hucheka kidogo, kisha somo huendelea. Hapo kale, katika pwani yetu, neno hilo lilikuwa zito. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemwacha bwana wake bila idhini. Watoro walijenga vijiji vyao wenyewe bara ya Mombasa, kama kile cha Fuladoyo, na wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Mwezi wa Januari, 1889, wengi wao walipewa hapo karatasi za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia.

Watu hao hawakuwa watumishi wa dukani, ambao ndio ninaotaka kusimulia habari zao. Nimewataja kwanza kwa sababu ya swali moja: mtu akikosekana mahali pa kazi, aliyemwajiri huuliza nini? Bwana wa mtumwa aliuliza, amekimbilia wapi? Alimhesabu mtu yule kuwa mali yake, na mali haina udhuru. Ilichukua miaka mingi, na taabu nyingi, hata mwajiri akalazimika kuuliza swali jingine, yaani, amepatwa na nini?

Katika kazi ya duka swali hili ni kali kuliko katika kazi nyingine nyingi. Shamba lisilopaliliwa leo laweza kupaliliwa kesho, na seremala aliyelala na homa atalikuta ubao wake pale pale alipouacha. Mnunuzi hangoji. Akifika na kuona hapana mtu wa kumhudumia, hugeuka akaenda duka la pili. Kwa hiyo mwenye duka tangu zamani amekuwa mtu wa kuhesabu vichwa kila asubuhi, na mtumishi wake amekuwa mtu wa kuogopa kuomba ruhusa.

Habari za watumishi wa namna hii zimeandikwa kwa wingi huko Uingereza, nasi hatuna budi kupitia huko, maana sheria za kazi za Kenya zilianza kwa kunakiliwa kutoka kwa Waingereza. Katika karne ya 19 duka la nguo katika miji yao lilikuwa pia nyumba ya kulala. Vijana walioajiriwa waliishi juu ya duka au karibu nalo, wakalala katika mabweni, wakala meza moja, na thamani ya chakula na kitanda ilihesabiwa kuwa sehemu ya mshahara. Mwenye duka aliweka kanuni nyingi, na karibu kila kanuni ilikuwa na faini yake: faini ya kuchelewa, faini ya kukosea hesabu, faini ya kurudi bwenini baada ya mlango kufungwa. Mtumishi aliyefukuzwa alipoteza kazi na kitanda kwa siku moja. Mtu aliye katika hali hiyo hasemi kwa urahisi kwamba kichwa kinamwuma.

Mmojawapo wa vijana hao alikuwa H. G. Wells, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa vitabu vyake. Mwaka 1881, akiwa na umri wa miaka 14, mama yake alimpeleka katika duka la nguo katika mji wa Southsea awe mwanagenzi, na ada ya kufundishwa ikalipwa. Kazi ilikuwa ya saa 13 kwa siku: kufagia, kupanga vitambaa, kuvikunjua mbele ya wanunuzi na kuvikunja tena. Kijana aliichukia. Baada ya miaka miwili hivi aliondoka Jumapili moja asubuhi bila kuomba ruhusa kwa mtu, wala hakula chakula cha asubuhi, akatembea kwa miguu maili 17 hata nyumba kubwa ya Uppark, ambako mama yake alikuwa msimamizi wa watumishi, ili kumwambia kwamba hawezi tena. Mama alisikitika, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha kutoka. Mwisho alikubali, na mwaka 1883 kijana akaacha duka akaenda kufundisha katika shule ya Midhurst. (Sisi walimu hupenda kukitaja kisa hiki, lakini sidhani kama mwenye duka alikipenda.) Wells hakuyasahau mambo ya dukani. Kitabu chake kiitwacho Kipps, cha mwaka 1905, chasimulia maisha ya mwanagenzi wa duka la nguo.

Wells alikimbia, Margaret Bondfield alibaki. Yeye alizaliwa mwaka 1873, naye pia alianza uanagenzi wa duka la nguo akiwa na umri wa miaka 14. Alipofika London alijiunga na chama cha watumishi wa dukani kilichokuwa kimeundwa mwaka 1891, akaanza kuandika katika gazeti la chama habari za maisha yao. Hakuthubutu kutumia jina lake; alijiita Grace Dare. Aliandika usiku bwenini, wenzake wakiwa wamelala, akiuficha mwanga wa mshumaa kwa taulo iliyotundikwa juu ya kiti. Mwaka 1898 akawa katibu msaidizi wa chama kile. Baada ya miaka 31, yaani mwaka 1929, msichana yule wa mshumaa alikuwa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Uingereza.

Sheria zilikuja polepole. Mwaka 1871 mbunge John Lubbock alipitisha sheria iliyoweka sikukuu chache za mabenki, na maduka mengi yakafuata mfano, hata watu wakamtania kwa kuziita siku zake kana kwamba yeye ni mtakatifu. Mwaka 1886 Bunge lilikataza vijana wenye umri chini ya miaka 18 kufanya kazi dukani zaidi ya saa 74 kwa juma, pamoja na saa za kula. Msomaji asiharakishe kushangilia. Saa 74 ni zaidi ya saa 12 kwa siku katika siku sita. Isitoshe, sheria ile haikuweka wakaguzi, basi maduka mengi yaliendelea kama kawaida yao. Mwaka 1896 ilitakiwa faini ziandikwe wazi na ziwe za haki. Mwaka 1899 ilitakiwa kiwepo kiti kimoja kwa kila wanawake watatu wahudumuo dukani, maana hapo kwanza wengi walikuwa wakisimama kutwa.

Sheria kubwa zaidi ni ile ya mwaka 1911. Iliamuru kwamba siku moja katika kila juma mtumishi wa duka asifanye kazi baada ya saa saba u nusu mchana. Nusu siku tu! Lakini nusu siku hiyo ilikuwa na jambo jipya: haikuombwa. Mtu alivaa kofia yake akatoka, wala hakumwambia yeyote kwamba anakwenda kumtazama mgonjwa, wala hakubuni msiba. Kwa maoni yangu hapo ndipo ruhusa ilipoanza kuacha kuwa fadhila.

Sasa na tuje kwetu. Lipo jambo ambalo kila nilipolifundisha wanafunzi wameniuliza mara mbili kama nimekosea miaka. Zamani sheria za Uingereza zilimhesabu mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa mkosaji wa jinai. Aliweza kufungwa, hali mwajiri aliyevunja mkataba alidaiwa fedha tu. Vyama vya wafanyakazi vilipigana na jambo hili, na mwaka 1875 Bunge likaiondoa sheria hiyo. Mwaka 1906, miaka 31 baadaye, serikali ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki ilitunga sheria ya mabwana na watumishi, ikaleta kwetu adhabu ile ile waliyokuwa wameitupa kwao. Mtumishi aliyekosekana kazini bila idhini, au aliyeacha kazi, aliweza kupelekwa mbele ya hakimu akatozwa faini au akafungwa. Mwaka uliofuata, 1907, utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Kwa hiyo mtumwa alipofunguliwa alikuta utoro wa namna nyingine umekwisha kuandikwa katika vitabu vya serikali.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, nayo ikatiwa katika kijaluba cha chuma kilichovaliwa shingoni. Bwana wa kazi aliandika humo tarehe ya kuajiri na tarehe ya kuachisha. Mtu ambaye kipande chake hakikutiwa sahihi ya kuachishwa hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali, na aliyekwenda zake aliweza kufuatwa na polisi kwa alama za vidole. Sheria hii haikuwashika watu wa mashamba ya walowezi peke yao. Mchukuzi wa magunia katika duka la Nairobi, mfagiaji na mpimaji wa sukari waliishi chini yake vile vile. Fikiri basi: habari imefika kutoka nyumbani kwamba mama ni mgonjwa, na njia ni ya siku mbili. Kuomba ruhusa ni kuhatarisha kunyimwa; kwenda bila ruhusa ni kuhatarisha kifungo. Kipande kilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku awakusanye watu na kupinga, hata akakamatwa mwezi wa Machi, 1922, na wengi waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Kipande cha shingoni kiliondolewa mwaka 1947, ulipowekwa uandikishaji wa watu wa kabila zote. Shirika la Kazi Ulimwenguni nalo lilitoa mapatano mwaka 1939, na mengine mwaka 1955, ya kukomesha adhabu za jinai kwa wafanyakazi waliovunja mikataba.

Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 ina lugha nyingine kabisa, na kijana anayetaka kuajiriwa katika duka au supamaketi angefaa kuisoma mwenyewe. Baada ya kila miezi 12 ya kazi mfanyakazi ana haki ya likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 pamoja na mshahara wake wote. Kila siku saba ana siku moja ya kupumzika. Akiwa amefanya kazi miezi miwili mfululizo, akiugua hupata siku saba kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka, mradi alete hati ya daktari.

Hapa pana sharti ambalo vijana hulipuuza. Ili mgonjwa apate haki hiyo, sheria yamtaka ampashe mwajiri habari ya kukosekana kwake na sababu yake, mapema iwezekanavyo. Haimtaki aje mwenyewe akitetemeka kwa homa ili aonekane; aweza kumtuma mtu. Lakini kunyamaza hata siku ya tatu, kisha kuja na hati mkononi, sivyo sheria isemavyo. Msimamizi wa duka aliyepata habari saa kumi na mbili asubuhi aweza kumwita mwingine kushika zamu. Aliyeipata saa nne ameshapoteza wanunuzi.

Kukosekana bila ruhusa wala sababu ya halali bado ni kosa kubwa, liwezalo kumfukuzisha mtu. Hata hivyo mwajiri hana budi kumweleza kwanza kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na kumsikiliza, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua. Tena sheria yataja waziwazi kwamba kwenda likizo aliyostahili mtu, au kuiomba tu, si sababu ya haki ya kumfukuza.

Jambo moja sheria ile, ilipotungwa, haikulitaja, nalo ndilo linaloombewa ruhusa kuliko mengine katika nchi yetu: mazishi. Likizo ya msiba iliachiwa mapatano ya mwajiri na wafanyakazi wake, au ya chama chao. Mahali pasipo na mapatano, siku za kumzika baba hukatwa katika zile 21, au hukatwa katika mshahara. Basi watumishi wa dukani wameunda dawa yao wenyewe. Aliyefiwa humwendea mwenziwe wa zamu nyingine, wakabadilishana siku, kisha wote wawili huenda kwa msimamizi ili mabadiliko yaandikwe katika daftari ya zamu. Na mwezi ujao, mwenziwe akifikwa na lake, yeye ndiye atakayesimama penye meza ya kuuzia.