Waliposema "baridi" hawakuaminiwa: historia ya theluji ya Kilimanjaro kwa mama wa Mbinga na Nyasa

Hii ni sehemu ya tatu ya masomo yetu ya baridi ya Juni na Julai. Leo tuanze na historia kidogo, halafu tutamrudia mtoto.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kwenda Uchagani kutoka Rabai, karibu na Mombasa. Akaona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Kiongozi wake wa njia akakiita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alikuwa amekulia kwenye theluji, akaelewa palepale.

Habari zake zikachapishwa Uingereza mwaka 1849. Basi, ubishi ukaanza! Msomi wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, alishikilia kuwa theluji karibu na ikweta haiwezekani. Ubishi ulikwenda zaidi ya miaka kumi, mpaka Karl Klaus von der Decken alipopanda mwaka 1862 na theluji ikamwangukia mwenyewe. Kumbe wenyeji walikuwa wanajua siku zote.

Na mlima una mwalimu mwingine. Huko juu, kwenye mita kama 4,000, kuna miti ya jamii ya senesio, mirefu kuliko mtu. Mchana inapigwa na jua kali, usiku maji yanaganda, na asubuhi unaikuta majani yamefunikwa na barafu. Inaponaje? Majani yake yaliyokauka hayadondoki, yanabaki yamezunguka shina kama blanketi. Usiku, majani mabichi yanajikunja na kukifunika kichipukizi cha katikati. Mti unamkumbatia mwanawe.

Binadamu naye alijifunza hivyohivyo. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, mashine za kuwapasha joto watoto njiti zilikuwa chache. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanzisha utaratibu wa mama kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Ndiyo ile tunayoiita huduma ya kangaruu, na hapa Tanzania inatumika.

Sasa turudi kwetu. Ufukwe wa Nyasa uko kwenye mita kama 500 tu, lakini milima ya Umatengo sehemu za juu inapita 1,500. Mama akitoka ziwani na kichanga kwenda kusalimia ndugu Mbinga mwezi wa saba, anabadilisha hali ya hewa kwa safari ya siku moja. Kwa hiyo:

Mvalishe kofia na soksi. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, mjifunike wote wawili. Mnyonyeshe mara kwa mara. Akilowa, mbadilishe haraka.

Jiko la mkaa lisilale ndani, jamani! Moshi hauonekani, lakini hewa yake ya sumu haina harufu na inaua familia nzima usingizini.

Ukimgusa tumboni ukakuta wa baridi, amelegea au hanyonyi, mweke kifuani na mwende kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na ukifika, sema: "Mwanangu ana baridi." Usiposikilizwa, sema tena. Wewe ndiye uliyemshika.