Shahidi wa Ramani ya Ubongo

Picha za rangi zinazoonesha njia za neva ubongoni husifiwa kana kwamba mashine ya MRI imezipiga picha nyuzi zenyewe. Mashine hiyo hupima mwendo wa maji, ambayo hupenya kwa wepesi zaidi kufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikata kwa upande. Mwaka 1990 Michael Moseley na wenzake walilionesha jambo hilo katika ubongo wa paka. Mwaka 1994 Peter Basser, James Mattiello na Denis Le Bihan wakalitafutia hesabu yake, na kufikia 1999 kompyuta zilikuwa zinachora njia. Michoro hiyo basi ni makisio, na makisio yanahitaji shahidi. Kwa maoni yangu, shahidi huyo angali ni mkono wa mpasuaji maiti. Katika miaka ya 1930 huko Basel, Uswisi, Josef Klingler aliloweka ubongo katika fomalini, akaugandisha, kisha akauyeyusha. Barafu ilipokuwa ikitanuka iliachanisha nyuzi, naye akawa anazibandua tabaka baada ya tabaka, hadi njia nzima ikabaki wazi, ikishikika.

Wapo watakaosema kwamba kisu nacho hudanganya: panapopishana nyuzi, kufuata njia moja ni kuikata nyingine, tena mkono huelekea kule mwenye mkono anakotarajia. Hoja hiyo ina nguvu. Mwaka 1881 Carl Wernicke alieleza njia inayosimama wima nyuma ya ubongo wa nyani. Mwalimu wake, Theodor Meynert, alishikilia kwamba njia kubwa za namna hiyo hulala kutoka mbele kwenda nyuma, na ile ya wima ikafifia katika vitabu vingi. Iliyoifufua ni MRI, kwa kazi ya Jason Yeatman na wenzake iliyotoka 2014. Lakini hata wao walirudi kwenye michoro ya kale kuthibitisha walichokiona, na walifanya vema. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya vikundi 20 vya watafiti waliopewa data ya ubongo wa kubuni wenye njia 25 zinazojulikana. Kompyuta nyingi ziliziona takriban asilimia 90, ila njia za uongo zilizochora zilizidi za kweli. Ndiyo sababu daktari anayeondoa uvimbe karibu na njia za usemi mara nyingi humwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji, akaugusa ubongo kwa umeme hafifu huku mgonjwa akitaja majina ya vitu anavyooneshwa.