Kabureta isiyotulia: historia fupi ya msumeno wa mnyororo

Wasomaji, leo tuache kompyuta kidogo. Nataka tuangalie mashine nyingine inayosumbua watu kwa namna ambayo sisi waandishi wa programu tunaijua vizuri.

Msumeno wa mnyororo, au pawaso kama wengi wanavyouita hapa Kenya, unapelekwa kwa fundi. Fundi anazungusha skrubu za kabureta, injini inanguruma vizuri, mwenyewe analipa na kuondoka. Kesho yake unazimika kila ukiinamishwa. Unarudishwa, skrubu zinazungushwa tena, na wiki ijayo hadithi ni ile ile. Mwishowe pistoni inakwama ndani ya silinda, na mashine iliyokuwa ikilisha familia inakuwa chuma chakavu.

Kwa maoni yangu skrubu hizo mara nyingi husingiziwa. Kila moja ina springi ya kuizuia isilegee. Mpangilio ukibadilika, aghalabu kilichobadilika ni kitu kingine ambacho kabureta inakitegemea, na historia ya kabureta ni historia ya vitu hivyo kuongezeka. Hebu tuifuate.

Enzi za boya

Mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza petroli kupitia tundu dogo. Mwaka huo huo Wahungari Donát Bánki na János Csonka walisajili hataza ya kabureta yao. Kabureta za ukoo huu zilitumia kibakuli chenye boya, kama lile la tangi la choo. Petroli ikipungua, boya linashuka na kufungua njia. Ikijaa, linapanda na kuifunga. Kiwango cha petroli hakibadiliki, kwa hiyo ukishapanga mchanganyiko unatulia. Sharti ni moja tu: usiipindue.

Sharti hilo lilikuwa mzigo kwa wakata miti. Msumeno wa petroli alioutoa Andreas Stihl kule Ujerumani mwaka 1929 ulikuwa na uzito wa kilo 46, ukibebwa na watu wawili. Kuangusha mti unakata kwa ulalo, kukata gogo unakata kutoka juu kwenda chini, lakini injini ya boya lazima ibaki wima. Ndiyo maana misumeno mingi ya zamani ilikuwa na kiungo cha kugeuza ubapa wa mnyororo peke yake, injini ikibaki ilivyo.

Ugonjwa huo huo uliwapata marubani wa Uingereza mwaka 1940. Injini ya Merlin ya ndege za Spitfire ilikuwa na kabureta ya boya. Rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla, petroli ilirushwa juu ndani ya kibakuli na injini ikakatika, huku adui mwenye injini ya kupuliza petroli moja kwa moja akitoroka. Mhandisi Beatrice Shilling alibuni kisahani chenye tundu la kupunguza mafuriko ya petroli, kikafungwa kwenye ndege mwaka 1941. Kilisaidia sana, lakini kilikuwa kiraka. Dawa kamili ilikuwa kuliondoa boya.

Kiwambo chaingia

Katika misumeno, boya liliondolewa na kabureta ya kiwambo, yaani dayaframu, iliyoenea katika miaka ya 1950. Stihl Contra ya mwaka 1959 ilikuwa na kilo 12 hivi, ikishikwa na mtu mmoja na kukata kwa pembe yoyote. Mwaka huo huo Husqvarna ya Sweden ilitoa msumeno wake wa kwanza.

Ndani ya kabureta hii kuna viwambo viwili. Cha kwanza ni pampu. Kinasukumwa na mapigo ya shinikizo kutoka chini ya pistoni, na hivyo huvuta petroli kutoka tangini. Cha pili kinapima. Upande mmoja kinaguswa na hewa ya nje, upande mwingine na petroli. Injini ikivuta petroli, kiwambo kinabonyea, kinasukuma mkono mdogo wa chuma, na sindano inafunguka. Skrubu ya L inasimamia mwendo wa chini, na ya H mwendo wa kasi.

Ona kilichotokea. Boya lilitegemea mvutano wa dunia, ambao haubadiliki. Kiwambo kinategemea ulaini wa utando, mapigo ya injini, hewa ya nje na mirija isiyovuja. Uhuru wa kuinamisha ulinunuliwa kwa bei hiyo.

Pa kutafuta kosa

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, pitia haya kwa utaratibu:

1. Tangi. Likikosa kupumua, petroli inakataa kutoka baada ya dakika chache. Msumeno ukizimika, legeza mfuniko uache hewa iingie, kisha ufunge na ujaribu tena. Ukipona kwa muda tu, tundu la kupumulia limeziba.

2. Chujio la petroli ndani ya tangi, mrija wake na chujio la hewa. Mrija uliopasuka unavuta hewa badala ya petroli.

3. Viwambo. Vikizeeka vinakakamaa kama karatasi. Vibadilishe pamoja na gasketi zake, kisha upime kimo cha ule mkono mdogo kwa kipimo cha kabureta hiyo hasa.

4. Uvujaji wa hewa. Ukiachia mafuta na injini ikachelewa kushuka, au mwendo wa chini ukibadilika kila ukiinamisha, shuku mpira unaounganisha kabureta na silinda, pamoja na sili za mhimili wa injini. Fundi mwenye pampu ya kupimia shinikizo atalijua hili bila kubahatisha.

Namba nne ndiyo inayoua. Hewa ya ziada inafanya mchanganyiko kuwa mwepesi: petroli kidogo, hewa nyingi. Injini inazunguka kwa kasi na ukali zaidi, na mwenyewe anafurahi akidhani imepata nguvu. Lakini oili ya injini hii imo ndani ya petroli, kwa mfano mililita 100 kwa lita 5. Petroli ikipungua, oili imepungua pia, na joto limepanda. Kuongeza petroli kwa skrubu ya H ni kuficha kosa, kwa sababu tundu la hewa litaendelea kupanuka.

Kuna na sababu isiyo kosa: mahali. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Mombasa. Msumeno uliopangwa Eldoret ukishushwa Pwani unapata hewa nzito zaidi, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Hapo tu ndipo skrubu zinastahili kuguswa bila maswali mengi.

Kompyuta yachukua bisibisi

California ilianza kubana moshi wa injini ndogo mwaka 1995, na serikali kuu ya Marekani ikafuata mwaka 1997. Skrubu zikavalishwa vifuniko vya kuzuia zisizungushwe mbali. Kuelekea mwaka 2010 zikaja AutoTune ya Husqvarna na M-Tronic ya Stihl. Kompyuta ndogo hubadilisha petroli kidogo, huangalia kasi ya injini ilivyoitikia, kisha hujisahihisha. Mwaka 2019 Stihl ikaanza kuuza MS 500i, ambayo haina kabureta kabisa.

Tatizo la urefu kutoka usawa wa bahari likapata jibu. Lakini sili inayovuja bado inavuja. Kompyuta inafidia kimya kimya mpaka ifike mwisho wa uwezo wake, na mtumiaji hana sikio la kumwonya kama zamani.

Ukiwa na msumeno usiotulia, basi, anza na mfuniko wa tangi. Kuulegeza hakugharimu hata shilingi.