Mimweko ya redio inayojirudia, na somo la Uhuru

Leo tuache kidogo mambo ya kompyuta tuangalie juu.

Mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake walitangaza mmweko mkali wa redio kutoka mbali sana angani, uliodumu sehemu chache tu za elfu ya sekunde. Darubini ya Parkes kule Australia ilikuwa imeunasa mwaka 2001, ukakaa miaka sita bila kuonekana. Sisi tunaotengeneza programu tunajua: logi isiyosomwa ni kama haipo!

Wengi walidhani chanzo ni mlipuko: kitu kimelipuka, basi, kimekwisha. Lakini mmweko ulionaswa na darubini ya Arecibo mwaka 2012 ulifuatwa na mingine mwaka 2015, kutoka palepale. Programu iliyokufa haiandiki ujumbe wa pili. Chanzo kile kilikuwa hai.

Sasa ni nini hicho? Hapa tukumbuke historia yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kutafuta eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend wa NASA akaipa jina Uhuru.

Mwaka 1971 Uhuru ilikuta chanzo kiitwacho Cen X-3 kikipiga kila sekunde 4.8. Mapigo hayo yalikuwa yakiwahi kidogo, kisha yakichelewa kidogo, na mtindo huo ulijirudia kila siku 2.1. Maana yake, kitu hicho kinaizunguka nyota nyingine, mara kinatukaribia, mara kinatuacha. Ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota kubwa, inayofyonza gesi ya mwenzake. Yote hayo yalijulikana kwa kupima muda tu.

Wanaastronomia wa leo wanafuata njia hiyohiyo. Mwaka 2020 darubini ya CHIME ya Kanada ilionyesha kwamba FRB 180916 huamka kwa siku kama 4, kisha hunyamaza, mzunguko mzima ukichukua siku 16 hivi. Labda ina nyota mwenza. Labda inayumba kama pia. Tarehe 28 Aprili 2020 magneta, yaani nyota ya nyutroni yenye sumaku kali mno, ilitoa mmweko wa namna hiyo ndani ya galaksi yetu.

Je, jibu limepatikana? Bado. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba chanzo kimoja kinachojirudia kimo katika kundi la nyota kongwe kwenye galaksi ya M81, mahali ambapo magneta changa hazitarajiwi. Huenda nyota kongwe zikiungana huzaa magneta. Huenda kuna vyanzo vya aina zaidi ya moja.

Orodha ya CHIME ya mwaka 2021, yenye mimweko 536, iko wazi kwa kila mtu. Vijana wenye laptopu, hapa Embu na kwingineko, ipakueni muanze kupima.